Muulize Somo: Mavyaa yuko Inua Jamii, mbona bili ya hospitali imetuangukia sisi?

Somo, asalaam aleikum, na unisamehe kwa barua ndefu.

Naishi Likoni na mume wangu, watoto wetu watatu na mavyaa. Mume ni seremala wa kujitegemea. Wiki hii anapata kazi ya kitanda na kabati, wiki ijayo anashinda kibarazani akisubiri simu. Mimi jioni nauza viazi karai na bajia. Mavyaa ana miaka 73, ana sukari na presha, na ni miongoni mwa wazee wanaopokea zile 2,000 za Inua Jamii, pesa za kujikimu za serikali.

Juzi kidonda cha mguuni kikamchachamalia, mguu ukavimba mpaka gotini. Tukampeleka hospitali, akalazwa. Hatukuwa na wasiwasi wa pesa, kwani sote tumejisajili SHA, bima ya afya ya serikali, na mavyaa mwenyewe alishikilia kuwa serikali ndiyo inayomtibu. Anasema zamani aliwahi kulazwa na hakuombwa hata shilingi. Wifi yangu aliye Nairobi naye akatutuliza kwa simu: "Mimi nakatwa SHA kila mwezi kwenye mshahara, mama yuko chini yangu."

Siku ya kutoka karani akatazama kompyuta akasema mama hajalipiwa, na si mtegemezi wa mtu yeyote. Bili ni 46,000. Tukachangishana tukapata 15,000, tukaandika ahadi ya kumaliza, nao wakabaki na kitambulisho chake mpaka tulipe. Sasa pesa za Inua Jamii zikitoka sijui atazichukuaje.

Hapo ndipo na sisi tukataka kujua hali yetu. Mume alipojisajili alikuja kijana na simu, akauliza habari za paa, sakafu, choo na stima, mwisho akatuambia tutalipa 860 kwa mwezi. Wakati wa NHIF, bima ya zamani, tulikuwa tunalipa 500 kwa mwezi. Tukatuma hiyo 860 mara moja kwa M-Pesa, lakini tukiangalia tunaambiwa bado hatujakamilisha. Mume amekasirika, anasema ni kutupa pesa baharini na hatatoa tena, maana hatuugui kila mwaka. Jirani ananishauri tukadiriwe upya nami niseme tunaishi nyumba ya udongo. Mavyaa naye hataki hata kusikia neno SHA, anaogopa akilipiwa bima watamkata Inua Jamii.

Nianzie wapi, Somo? Na nani kati yetu aliyekosea?

Mke wa Seremala, Likoni

SOMO ANAJIBU

Aleikum salaam, mwanangu, na pole kwa kuuguza.

Anza na kitambulisho, mengine yatangoja. Bila hicho mavyaa hachukui pesa zake, hakadiriwi wala hahudumiwi. Kitambulisho huonyeshwa na kunakiliwa, lakini si mali ya kuwekwa rehani, na Sheria ya Usajili wa Watu haiipi hospitali ruhusa ya kukishikilia kwa ajili ya deni. Mwende wewe na mumeo, msiende kwa karani wa malipo. Ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hiyo. Hospitali za umma zina maafisa wa kazi hiyo, na pia kamati inayokaa kuangalia ni bili ipi ipunguzwe au isamehewe. Huwa haijitangazi, na asiyeiuliza hulipa zote. Bebeni nakala ya ile ahadi mliyotia sahihi, risiti ya 15,000, na barua ya chifu au naibu wake inayoeleza kuwa mzee ni wa Inua Jamii na kwamba mlezi wake hana mshahara. Ombeni mambo mawili kwa pamoja: kitambulisho kirudi leo, na deni lililobaki lipunguzwe kisha lipangiwe awamu. Mkikataliwa, mwombe mkuu wa hospitali awape kukataa huko kwa maandishi. Nimeona mara nyingi kitambulisho kikipatikana droo ya pili baada ya ombi hilo.

Bili yenyewe siwezi kukufutia. SHA hairudi nyuma kulipa matibabu ya wakati ambao mtu hakuwa amelipiwa.

Sasa tuje kwenye huo mkanganyiko, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu barua yako si ya kwanza kunifikia ya namna hii. Mnasema mmejisajili, na ni kweli. Lakini kujisajili ni kuandikwa jina tu. Baada ya hapo kuna kukadiriwa uwezo, kisha kulipa. Ninyi mmefika kwenye makadirio mkatoa kidogo, mavyaa amebaki kwenye jina. Simu ilipowapa ujumbe wa kuwapongeza kwa kujisajili, watu wengi walidhani safari imeisha.

SHA ilianza kazi tarehe 1 Oktoba 2024 kuchukua nafasi ya NHIF, chini ya sheria iliyopitishwa 2023. Sheria hiyo haikuunda mfuko mmoja, iliunda mifuko mitatu. Wa kwanza ni wa afya ya msingi, unaojazwa na kodi, na ndio unaolipia zahanati na vituo vya afya. Huo hauulizi umechanga au hujachanga, mradi umejisajili. Wa pili ndio unaoitwa SHIF, unaojazwa na michango yetu, na kwa huo hulipiwa kulazwa, upasuaji na kujifungua. Wa tatu ni wa dharura na maradhi mazito ya muda mrefu, unaoingia pale fungu la SHIF linapomalizika. Kwa hiyo jina lisilo na mchango humfungulia mtu mlango wa zahanati. Mlango wa wodi haufunguki. Mavyaa alipofika wodini alikuwa na jina tu.

Umeuliza nani amekosea. Wifi yako hakusema uongo, amedhani tu. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara mzima kabla ya makato mengine, kwa hiyo anayelipwa 40,000 hukatwa 1,100. Makato hayo yanamlinda yeye, mwenziwe wa ndoa na watoto wao. Baba na mama hawamo. Kila mzazi ni mwanachama kivyake, hata akilala chumba kimoja na mwanawe, hata akila sufuria moja na wajukuu. Najua kwetu hilo halieleweki, maana hapa mama haondoki kwenye hesabu ya nyumba ya mwanawe mpaka aende kaburini, lakini ndivyo mfumo ulivyopangwa. Mumeo vilevile hawezi kumweka mama yake chini ya jina lake.

Na mavyaa msimcheke. Anachokumbuka kilikuwepo. Enzi za NHIF, kuanzia 2014, serikali ilikuwa na mpango wa kuwalipia bima baadhi ya wazee na watu wenye ulemavu mkubwa waliokuwa wakipokea pesa za kujikimu. Mzee akifika hospitali na kadi, kazi imekwisha. NHIF ilipoondoka mpango huo haukuhamia SHA wenyewe tu, na sijaona aliyekwenda mtaa kwa mtaa kuwaeleza wazee hilo. Hiyo ni lawama ya wakubwa, si yake. Hata kina mama waliozoea Linda Mama, ule mpango wa kujifungua bila malipo, wamepata mshtuko huohuo. Siku hizi kujifungua kumo ndani ya SHIF, 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa upasuaji, na asiyechanga hujikuta kwenye foleni ya kulipa akiwa na mtoto mkononi.

Inua Jamii ni kitu kingine kabisa. Ni pesa za kujikimu, 2,000 kwa mwezi, kutoka idara ya serikali inayoshughulikia ulinzi wa jamii. Hupewa wazee wa miaka 70 na zaidi, nyumba zinazolea mayatima na watoto walio hatarini, na watu wenye ulemavu mkubwa. SHA iko chini ya Wizara ya Afya. Mzee hatolewi Inua Jamii kwa kosa la kuwa na bima, na kuwa Inua Jamii hakumpi bima. Mweleze mavyaa hivyo kwa maneno yako mwenyewe, tena mbele ya mwanawe, maana neno la mkaza mwana peke yake huweza kugeuzwa kuwa njama ya kumlia pesa zake.

Jina lake limo tayari, na kumkadiria si kazi, ni bure, iwe kwa simu kupitia *147#, kwa mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu, Huduma Centre au hospitalini. Lakini kwa mzee wa umri wake nashauri aende mwenyewe, mchana, akiwa mzima. Sababu ni vidole. SHA sasa humtambua mgonjwa kwa alama za vidole, na bibi aliyeshona makuti na kukuna nazi miaka hamsini alama zake zimesagika. Anaweka kidole gumba, mashine inakataa. Anapanguswa kwa kitambaa, anajaribu cha shahada, inakataa tena. Ukianza mchezo huo usiku wa manane mgonjwa akiwa juu ya machela, utalia. Mkiujua mapema, karani atatafuta kidole kinachosomeka au aeleze njia nyingine ya kumtambua, na jambo liandikwe.

Atakadiriwa kwa hali yake mwenyewe. Siwezi kukwambia watamwandikia kiasi gani, ila hakuna anayepangiwa chini ya 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Akibahatika kupata hicho, ni pungufu ya miezi miwili ya Inua Jamii. Lakini mimi nisingegusa pesa zake za dawa na maziwa. Kwa kuwa wifi yako aliamini miaka yote hii kwamba anamlipia mama yake, sasa amlipie kweli. Anaweza kutuma akiwa hukohuko Nairobi kwa kutumia nambari ya kitambulisho ya mama. Simu hiyo apige mumeo, si wewe.

Kuna jambo jingine la kuulizia. Oktoba 2025 serikali ilitangaza kuwa itawalipia SHA Wakenya milioni 2.2 wasiojiweza kabisa. Mulizeni naibu wa chifu na ofisi ya SHA ya kaunti kama jina la mavyaa limo. Likiwemo, alhamdulillahi. Lisipokuwemo, msikae mwaka mzima mkingoja orodha nyingine. Na mtu yeyote atakayekuja na daftari kusema mtoe mia tano ili jina liingizwe, awe wa SHA au wa Inua Jamii, mfukuzeni. Orodha hizo haziuzwi.

Sasa nyumba yenu. Hapa nina neno na mumeo, mpe asome mwenyewe.

Bwana fundi, ile 860 haikutupwa baharini. Tatizo ni kwamba sisi tusio na mwajiri makadirio tunaambiwa kwa mwezi lakini malipo yanatakiwa ya mwaka mzima kwa mara moja. Kwenu ni 860 mara 12, jumla 10,320. Mpaka itimie, mfumo unawaona kama hamjalipa. Kama kuna jambo moja katika SHA ambalo sikubaliani nalo ni hili. Anayelipwa mshahara hukatwa mwezi kwa mwezi na bima yake iko hai. Mchuuzi wa viazi, ambaye hajui kesho ana shilingi ngapi, ndiye anayeambiwa alete elfu kumi kwa mpigo. NHIF ilikuwa na makosa yake mengi, lakini ile 500 ya kila mwezi mama karai aliiweza. Nimesema. Ila kutopenda utaratibu hakukulipii wodi.

Unasema hamuugui kila mwaka. Piga hesabu ya mwaka huu tu. Mchango wenu 10,320 na wa mama, tuseme ni ule wa chini, 3,600, ni 13,920 jumla. Mmedaiwa 46,000 kwa mguu mmoja. Na watoto watatu hawakuwekewa saini na mtu kwamba hawataanguka mwembeni.

Pesa zenyewe zitatoka wapi? 10,320 ni chini ya shilingi 30 kwa siku. Mke wa Seremala, kama uko kwenye chama cha wanawake, omba zamu yako ya mwaka huu ipangwe ielekee huko moja kwa moja. Kama huna chama, tenga kila jioni kabla hujahesabu faida ya karai, uiweke mahali ambapo simu ya mumeo haifiki. Fundi akipata kazi kubwa ya sherehe au ya Ramadhani, kipande kiende hapo. Serikali pia ilileta mpango wa Lipa SHA Pole Pole mwaka 2025. Unakopeshwa mchango wa mwaka, bima inafunguka, nawe unarudisha kidogo kidogo. Usidanganywe na jina, ni mkopo, na una tarehe zake. Ningekushauri uuchukue kama kungekuwa na mimba ndani ya nyumba au mtu anayengoja upasuaji. Kwa fundi mwenye wiki tupu mbili kila mwezi, mimi ningeanza na chama.

Kuhusu ushauri wa jirani wa kusema mnaishi nyumba ya udongo, usifanye. Simkemei, njaa ina mantiki yake, lakini maelezo yale unayatoa kwa nambari ya kitambulisho chako, na yakija kukaguliwa utajitetea peke yako, jirani atakuwa ndani amefunga mlango. Njia halali ipo. Mwambieni afisa awafungulie majibu yaliyoandikwa, myasome moja baada ya jingine. Vijana wengi waliopita mitaani walikuwa na haraka, mtu anajibiwa maswali mengine bila kuulizwa. Angalia wameandika nyumba ni yenu au ni ya kupanga, maana paa la bati na sakafu ya saruji mbele ya kodi ya kila mwezi si utajiri. Angalia idadi ya watu, kama watoto wote watatu wamo. Angalia choo, cha kwenu peke yenu au cha ploti nzima. Palipo na kosa ombeni parekebishwe na makadirio yafanywe upya. Kiasi kinaweza kushuka, kinaweza kubaki palepale, lakini kitakuwa kimetokana na ukweli.

Wakati mnajipanga, mavyaa asikae bila matibabu. Zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, chenye mkataba na SHA, hakimdai mchango. Apimwe sukari na presha huko kila mwezi, kidonda kioshwe na kufungwa huko. Sitakudanganya kuwa dawa hujaa rafuni kila siku, kuna siku mtaandikiwa mkanunue wenyewe. Lakini kidonda cha mwenye sukari kikitazamwa kila wiki na muuguzi, si rahisi kifike kuvimba mpaka gotini. Viatu vyake pia nunueni vilivyofungwa mbele, ndara za kidole ziishe. Kikianza kunuka au kubadilika rangi msingoje zamu ya wiki, mtoeni zahanati na barua ya rufaa mkononi aende hospitali kubwa.

Mkienda ofisi ya SHA kuangalia yale majibu, mwambie karani awaonyeshe na ile 860 kwenye akaunti ya mumeo, na awaandikie kiasi kilichobaki. Bebeni ujumbe wa M-Pesa. Kama mmeshaufuta, wakala au mtandao wenyewe unaweza kuwatolea taarifa ya malipo ya miezi iliyopita.

Somo